Mwanzo wa Kutumia Git: Daftari la Mwandishi wa Wavuti (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumza juu ya HTML, ambayo ndiyo kiunzi cha ukurasa wa wavuti, na CSS, ambayo ndiyo mavazi yake. Na msomaji aliyetufuata hatua kwa hatua, akiwa Kasulu mjini, au Kibondo, au kule Kitanga ambako bando hununuliwa kwa hadhari kama zamani mafuta ya taa, yamkini amekwisha kupatwa na balaa lililonipata mimi kabla yake. Nilikuwa nikitengeneza ukurasa wa kikundi kimoja cha wafuga nyuki, na kila nilipokumbuka nilinakili folda nzima katika flashi na kuipa jina: "mwisho", kisha "mwisho mpya", kisha "mwisho kabisa", hata folda zikafika kumi na moja, na usiku mmoja, kwa taksiri yangu mwenyewe, nikaibandika nakala kuukuu juu ya kazi mpya, nayo kazi mpya ikatoweka. Nilipozifungua zile folda ili nijue ipi imetangulia na ipi imefuata, tarehe hazikunifaa kitu, kwani betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ile ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika saa ilirudi nyuma miaka.

Haja ya kujua nani amebadili nini, na lini, ni ya kale kuliko kompyuta. Wanakili wa pwani waliozoea khati za Kiarabu, mathalani Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi na mchongaji na aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, walijua kwamba hati isiyo na jina la mwandishi wala tarehe huzaa mabishano. Ndiyo maana aghalabu mnakili alifunga kazi yake kwa kujitaja. Watengenezaji wa programu walichelewa kulitambua hilo. Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara za Bell huko Marekani, aliunda programu ya kwanza iliyojulikana sana ya kutunza matoleo ya maandishi ya kompyuta, na nyingine zikafuata, walakini ile ambayo wanafunzi wetu hukutana nayo leo ni Git, iliyoanzwa na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, tarehe 3 Aprili 2005, baada ya mwenye programu aliyokuwa akiitumia kwa kazi ya Linux kuondoa ruhusa ya kuitumia bure. Tarehe 7 ya mwezi ule ule Git ilikuwa tayari inatunza historia yake yenyewe. Siku nne! Hasira ya fundi nayo ina faida yake.

Sasa nitaje kosa ambalo, kwa rai yangu, huwachelewesha vijana wa nyanda hizi kuliko jingine lolote, nalo ni kudhani kwamba Git na GitHub ni kitu kimoja. GitHub ni kampuni iliyofungua milango mwaka 2008, na mwaka 2018 Microsoft ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 7.5; ni mahali pa kuweka nakala ya kazi yako ili wengine waione, na hapo mtandao hapana budi uwepo. Git yenyewe hukaa ndani ya kompyuta yako pamoja na historia yote tangu siku ya kwanza, wala haihitaji mnara wa simu. Ukikwisha kuipakua mara moja, kwa makumi ya megabaiti, unaweza kufanya kazi mwaka mzima bila bando. Nimemwona kijana aliyeacha somo miezi miwili akingoja mtandao utengemae, ilhali alichokihitaji kilikuwa mapajani pake.

Basi fungua terminali, ingia katika folda ya ukurasa wako, uandike git init. Hutaona tukio kubwa. Folda iliyofichwa iitwayo .git imezaliwa, na humo ndimo historia itakamokaa, kwa hiyo usiifute. Kisha andika git add na jina la faili, halafu git commit -m na maneno yako ndani ya alama za kunukuu. Ikiwa ni mara yako ya kwanza, Git itagoma na kukutaka useme u nani, nawe utajibu kwa kuweka jina na baruapepe kwa amri ya git config. Wanafunzi hukasirika hapo, mimi hufurahi, maana ndilo lile sharti la wanakili wa Lamu. Ukisahau kuandika -m huenda ukajikuta ndani ya kihariri cha Vim usijue pa kutokea: bonyeza Esc, andika :q!, bonyeza Enter, upumue.

Watu huuliza kwa nini hatua mbili, add na commit, badala ya moja. Mtazame mama apembuaye maharage sokoni Kasulu: kwanza huweka katika ungo yale aliyoridhika nayo, kisha huyatia guniani, akashona mdomo na kuandika alama. Add ni ungo, commit ni kushona. Hutashona pamoja sahihisho la rangi na picha ulizoziacha nusu.

Na ile alama ya juu ya gunia ina uzito wake. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Kitanga aliandika "mabadiliko" mara sita mfululizo, na tulipotafuta siku aliyoharibu menyu, maneno yale hayakutusaidia hata kidogo. Nikamwonyesha git diff. Kwenye kioo pakatokea mstari mwekundu wenye alama ya kutoa, "Asli ya nyuki", na chini yake wa kijani wenye alama ya kujumlisha, "Asali ya nyuki". Akacheka, akasema, "Mwalimu, kumbe inaona hata herufi moja." Tangu siku hiyo akaandika: "Nimesahihisha neno asali katika kichwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha matumizi ya flashi, ile ile iliyoniponza zamani. Tuliweka ndani yake hazina tupu ya Git kwa git init --bare, kila mmoja akasukuma kazi yake humo kwa git push, na kuvuta ya mwenziwe kwa git pull. Git ikilalamika juu ya mwenye folda, hukuandikia yenyewe amri ya kuituliza. Flashi ilipanda bodaboda kwenda Kitanga na kurudi, masika na kiangazi, na mambo yakaenda.

Iliporudi mara ya mwisho nikaandika git log, na kumbukumbu saba, yaani commit zetu, zikajipanga, kila moja na jina lake na alama yake ya tarakimu na herufi 40. Moja, ya nne, ilidai imeandikwa mwaka 2009. Kompyuta ya mwanafunzi wangu nayo ina betri mfu. Hata hivyo ilikuwa imekaa mahali pake, kati ya ya tatu na ya tano, kwa sababu kila kumbukumbu hubeba ndani yake alama ya iliyoitangulia, kama isnadi ibebavyo majina ya wapokezi, na mpango wa kumbukumbu hauitegemei saa. Nilimwomba asiirekebishe. Juma lijalo, inshallah, tutaingia katika matawi.