Breki ya Mbele Si Adui

Wanaonunua baiskeli za mbio za mtumba, iwe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, huulizia kwanza uzito, kisha gia. Breki hukumbukwa mteremkoni. Akishatetemeka mara moja, mtu huanza kuwaza kuuza baiskeli nzima atafute yenye diski, kumbe shida yake ingeisha kwa raba mpya na waya.

Diski ni nzuri, hasa kwenye mvua. Hapo sibishani na mtu. UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, liliziruhusu rasmi katika mbio za barabarani mwaka 2018. Lakini Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017 kwa breki za kubana ringi, akiteremka milima ya Alps na Pyrenees.

Anza na raba. Ikizeeka hukauka, ikang'aa, hata ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei. Msasa huisaidia siku chache tu. Na kabla ya kuitupa ya zamani, itazame vizuri: mara nyingi imenasa vipande vya alumini, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikikwaruza ringi kwa ile sauti ya kusaga. Ringi yenyewe ifutwe kwa kitambaa na spiriti. Wengine hupulizia mnyororo mafuta bila kuangalia yanakotua, kisha wanalalamika kwamba breki hazishiki.

Wakati wa kufunga, raba ikae yote juu ya ringi. Ikipanda itakula tairi mpaka lipasuke. Ncha yake ya mbele itangulie kidogo kugusa, na kelele zitapungua.

Halafu waya. Ukibinya mkono wa breki ukauona mzito hata kabla raba haijafika kwenye ringi, ujue waya umeshika kutu au ganda lake limepondeka. Nguvu za vidole vyako zinaishia humo. Badilisha vyote viwili, na fundi akate ganda kwa koleo kali ili mdomo wake ubaki wazi.

Baada ya hapo linabaki suala la dereva. Wengi wetu tulikua tukiambiwa breki ya mbele inapindua, basi tunaikwepa na kutegemea ya nyuma. Lakini ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuteleza upesi. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Anayepinduka ni yule aliyeikamata ghafla huku mwili umemtangulia. Ibinye taratibu kisha ongeza, rudisha makalio nyuma, kaza mikono, na ushike usukani kwenye pembe za chini ambako vidole vina nguvu zaidi.

Ila hakikisha kwanza iko mkono gani. Baiskeli za Uingereza na Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele kulia. Za Ulaya bara na Marekani, kushoto. Mitumba yetu inatoka kote huko, na siku ya dharura mkono haungoji kufikiri. Mwenye baiskeli mbili amwambie fundi azifunge sawa.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukitoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, umbali unaohitaji kufunga breki mpaka kusimama unakuwa mara nne, si mara mbili. Na mtu wa kilo 80 pamoja na baiskeli yake, kila akishuka kimo cha mita 100, huachia nishati ya kutosha kuchemsha robo lita ya maji. Anayeburuza breki mteremko mzima wa Mai Mahiu anaimimina sehemu kubwa ya nishati hiyo kwenye ringi. Funga kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia, upepo nao ufanye kazi yake.

Wenye ringi za kaboni wanunue raba za kaboni tu. Zile zilizowahi kutumika kwenye alumini msizirudishe kamwe: chembe zilizonasa humo huichana kaboni, na ringi moja ya namna hiyo inaweza kugharimu kuliko baiskeli nzima ya mtumba.