Kijiko Kinachounguza na Mwiko Mpole

Njoo, mwanangu. Keti hapa mkekani, nipe kidole nikione. Ehe, kimekuwa chekundu kidogo tu. Kichovye kwenye maji, kitapoa.

Umeshika kijiko cha alumini kilichokuwa ndani ya sufuria ya uji. Hukulia. Umekuja mbio kuniuliza: "Mjomba, na mwiko ulikuwa mumo humo ndani ya uji. Mbona wenyewe haukuniunguza?"

Swali hilo! Wakubwa tunashika mwiko miaka nenda, miaka rudi, wala hatuulizi. Wewe umeungua mara moja ukauliza. Hongera sana. Basi tuwaulize wenyewe.

"Mimi mwiko," unasema mwiko, "nimeumbwa kwa chembe ndogo mno, zinaitwa atomi. Kila atomi iko mahali pake, imeshikana na jirani. Moto ukiigusa ya chini, inatetemeka. Inamtikisa jirani. Jirani naye anamtikisa jirani. Lakini hakuna anayehama."

Umewahi kuona watu wamejipanga kupokezana ndoo toka kisimani? Ndoo inakwenda, watu wamesimama. Joto ndani ya mwiko huenda hivyo. Ila mstari wa mwiko umepindapinda, una mianya, ndoo nyingine zinarudishwa nyuma zilikotoka. Mpaka ndoo za kutosha zifike mkononi mwako, uji umeshanyweka.

Na wewe kijiko, una nini?

"Mimi pia nina wapokezanaji," kinasema kijiko. "Lakini juu ya hao, nina wakimbiaji."

Wakimbiaji hao ni elektroni, chembe ndogo kuliko atomi. Kwenye mti, kila elektroni imefungwa nyumbani kwake. Kwenye alumini, baadhi zimeachiwa ua mzima zizurure. Zikipita jikoni zinabeba joto, zikifika kwenye mpini zinalitua. Ndiyo maana alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko ubao. Kidole chako kinalijua hilo.

"Zinakimbia kasi gani, Mjomba?"

Zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde moja! Ungetoka Dar es Salaam ukafika Nairobi kabla hujamaliza kutamka jina lako.

"Basi joto lingefika papo hapo. Mbona kijiko kilikawia kidogo?"

Ah, hapo umenibana, na nimefurahi. Zinakimbia kweli, lakini haziendi moja kwa moja. Elektroni inapiga mbio kidogo, inapotoshwa. Inageukia huku, inapotoshwa tena. Kama mtoto aliyetumwa dukani akapita sokoni siku ya gulio.

Na nani anayeipotosha? Watu walidhani inajigonga kwenye kila atomi. Mwaka 1928 kijana mmoja wa Uswisi, Felix Bloch, alipiga hesabu akakuta sivyo. Elektroni husafiri kama wimbi la maji. Atomi zikiwa zimepangwa sawasawa, kama minazi iliyopandwa kwa kamba, wimbi linapenya katikati kana kwamba hakuna kitu. Linalolivuruga ni mnazi unaoyumba, au mti mgeni uliomea pasipo mstari. Kijiko cha moto kina minazi inayoyumba sana. Mimi nikiliwaza jambo hili, bado linanishangaza: kinachozuia njia si wingi wa atomi, ni kule kutotulia kwao.

Sasa tazama ule waya wa taa ukutani. Ni shaba, nayo ina wakimbiaji vilevile. Umeme ukiwashwa, umati wote unasukumwa kwa pamoja. Kila mmoja anaendelea na mbio zake za huku na huku, lakini umati kwa jumla unasogea chini ya milimita moja kwa sekunde. Konokono anaweza kuupita!

"Lakini taa inawaka palepale nikibonyeza."

Inawaka kwa sababu waya umejaa toka mwanzo hadi mwisho. Bomba la maji likiwa limejaa, ukifungua upande mmoja maji yanatoka upande wa pili mara moja, wala si yale yaliyoingia sasa hivi. Msukumo una haraka. Chembe zenyewe hazina.

Kwa hiyo wakimbiaji walewale hubeba umeme na hubeba joto. Mwaka 1853 Wajerumani wawili, Wiedemann na Franz, waliona kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri. Elektroni ilikuwa haijagunduliwa bado! Waliona nyayo kabla ya kumwona mnyama.

"Basi umeme na joto ni ndugu, huongozana siku zote?"

Siku zote? Twende Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri. Ghafla ukinzani wote ukatoweka. Umeme ukapita bila kizuizi hata chembe.

Ilichukua miaka 46 kupata sababu. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer wa Marekani walieleza: kwenye baridi ile elektroni hushikana mbilimbili, na jozi zote huenda hatua moja. Umeona watu wa zafa, bega kwa bega, mguu mmoja? Humpotoshi mmoja peke yake. Labda uupotoshe msafara mzima.

Sasa sikia ajabu yake. Joto ni ile vurugu, kila mmoja na mbio zake. Walio kwenye zafa hawana vurugu ya kubeba. Umeme wanaubeba, joto hawalibebi. Ndugu wameachana njia! Alumini hiihii ya kijiko, ukiipoza hadi kama nyuzi 272 chini ya sifuri, hupitisha umeme bure, lakini inazidi kuwa mbovu kwa joto.

"Lakini huko ni baridi mno, Mjomba. Jikoni haiwezekani?"

Kuna dutu moja ya vanadiamu na oksijeni. Ikipashwa hadi nyuzi 67 hivi, inageuka na kuwa metali. Mwaka 2017 wanasayansi wa Berkeley, California, waliipima. Umeme ulipita vizuri, ila joto lililobebwa na elektroni lilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya walilotarajia. Si zafa ile ya jozi, kwa maana ukinzani bado upo. Walieleza kwamba elektroni hapo hazikimbii kila moja kivyake, zinatiririka pamoja kama maji ya mto.

"Nyuzi 67 ni moto kiasi gani?"

Kama uji huu tuliouepua, bado unafuka, hauonjeki.

"Basi nikipata kijiko cha hiyo vanadiamu, hakitaniunguza?"

Umesahau wapokezana ndoo, mwanangu. Nao wamo humo, wamesimama kwenye mstari wao, ndoo inapita. Kingekuunguza, ila kingechelewa kuliko hiki. Lete kikombe chako sasa. Na mwiko nipe mimi, niukoroge uji upoe.