Faili Lifungwe Kabla ya Kuandikwa

Katika saiba zilizo kando ya barabara ya Mombasa kuelekea Malindi, Kikambala ikiwemo, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku. Kufikia Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, wateja huongezeka, na mashine hubaki na nakala za vitambulisho, PIN na vyeti.

Pale ambapo kila mtumiaji ana akaunti yake, wengi huamini kwamba mafaili ya mmoja hayaonekani na mwingine. Mara nyingi ni kweli. Lakini baadhi ya programu huunda faili jipya likiwa wazi kwa kila mwenye akaunti, huandika ndani yake, kisha ndipo hubadilisha ruhusa ili mwenyewe pekee alisome. Pengo hilo ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Mtu hawezi kuliwahi kwa mkono. Programu ndogo iliyotegwa kuvizia, ikijaribu kulifungua faili hilo maelfu ya mara, inaweza.

Kufunga baadaye hakusaidii, kwa kuwa katika mifumo kama Linux ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua faili. Aliyekwisha kulifungua huendelea kusoma hata baada ya ruhusa kubadilishwa. Ni sawa na kutia komeo mwizi akiwa tayari sebuleni.

Kasoro za mbio za namna hii hukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Ile iliyoitwa Dirty COW, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye faili aliloruhusiwa kulisoma tu, ilikuwa ndani ya Linux tangu 2007 na ikarekebishwa Oktoba 2016. Miaka tisa, katika mfumo ambao yeyote anaweza kusoma msimbo wake!

Dawa ni faili kuundwa likiwa limefungwa tangu mwanzo, ndani ya folda ya mwenyewe. Hilo ni jukumu la watengenezaji wa programu. Wenye saiba nao wasikawie kuweka masasisho. Mteja ni heri ahifadhi stakabadhi zake kwenye flashi yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayesimamia data za watu amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa, ikiwa wenyewe wanaweza kudhurika.