Vidole viwili vilivyomgharimu Luvumbu kazi yake Kigali

BUKAVU – Kwa mkaaji wa Nguba, Rwanda si nchi ya mbali. Mtaa huu wa komini ya Ibanda unapakana na Ruzizi ya Kwanza, na ng'ambo ya daraja unaingia Kamembe. Watu huvuka kwa biashara, kwa masomo, kwa kutembelea ndugu. Kila anayevuka anajua sheria moja isiyoandikwa kwenye jeton: ukifika kwa wenyewe, chunga mdomo.

Héritier Luvumbu Nzinga hakufungua mdomo. Aliufunika kwa kiganja, na hilo pekee lilitosha kumaliza kazi yake nchini Rwanda.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, katika uwanja wa Kigali Pelé. Kiungo huyo mshambuliaji kutoka Kongo aliifungia Rayon Sports bao katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Police FC. Katika kushangilia, aliweka mkono mmoja mdomoni, na kwa mkono wa pili akaelekeza vidole viwili kando ya kichwa, mfano wa bastola.

Siku mbili baadaye, shirikisho la mpira la Rwanda, FERWAFA, lilimfungia miezi sita kwa kosa la kuchanganya siasa na michezo. Rayon Sports ililaani kitendo chake, na mkataba ukavunjwa kwa makubaliano ya pande mbili. Luvumbu akarudi Kongo.

Ishara iliyotoka Abidjan

Luvumbu hakuibuni ishara hiyo. Siku nne kabla, tarehe 7 Februari, wachezaji wa Léopards walisimama hivyo hivyo wakati wa wimbo wa taifa, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire katika uwanja wa Ebimpé, Abidjan. Kongo ilifungwa 1-0 kwa bao la Sébastien Haller, lakini picha ya wachezaji waliofunika midomo ndiyo iliyozunguka dunia. Maana yake ilieleweka bila mkalimani: watu wa mashariki wanauawa, na dunia imenyamaza.

Siku hizo vita vilikuwa karibu na Sake, na maelfu ya familia zilikuwa zikikimbilia Goma. Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inaisaidia M23. Kigali imekana mara nyingi.

Ishara ni ile ile, lakini mazingira hayakuwa sawa. Kule Abidjan walisimama kikosi kizima, wakiwa na jezi ya taifa lao, katika nchi isiyo na ugomvi na Kongo. Kule Kigali alisimama mtu mmoja, akiwa na jezi ya tajiri wake, katika mji mkuu wa nchi inayolaumiwa.

Mji aliokuwa ameuzoea

Luvumbu hakuwa mgeni Kigali. Mwaka 2016 Rwanda ilipoandaa mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, yeye alikuwa katika kikosi cha Kongo kilichofundishwa na Florent Ibenge. Kongo iliwatoa wenyeji Rwanda katika robo fainali kwa 2-1 baada ya dakika za nyongeza, kisha ikaifunga Mali 3-0 katika fainali na kubeba kombe. Fainali hiyo ilichezwa Kigali tarehe 7 Februari 2016, miaka minane kamili kabla ya usiku ule wa Abidjan.

Baadaye alirudi Rwanda kama mfanyakazi. Alikuwa Rayon Sports msimu wa 2023 ilipoifunga APR 1-0 na kutwaa Kombe la Amani. Hakuwa mchezaji wa benchi anayetafuta jina. Siku alipoonyesha vidole vile, alikuwa ametoka kufunga bao.

Kanuni inasema nini

Kanuni za nidhamu za FIFA zinakataza kutumia mchezo kwa maandamano yasiyo ya kimichezo. Mashirikisho mengi yana kifungu cha namna hiyo, na mchezaji wa kigeni yuko chini ya kanuni za ligi anayocheza, si za nchi alikozaliwa. Kwa hiyo FERWAFA ilikuwa na mahali pa kusimama. Swali linabaki kwenye uzito wa adhabu.

Katika Kombe la Dunia la 2018, Granit Xhaka, kiungo wa Uswisi mwenye asili ya Kosovo, aliifungia nchi yake dhidi ya Serbia kisha akapanga mikono kama tai mwenye vichwa viwili, alama ya bendera ya Albania. Xherdan Shaqiri alifanya vilevile. FIFA iliwatoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi kila mmoja. Hawakukosa hata mechi moja. Katika Euro ya 2024, Merih Demiral wa Uturuki alionyesha ishara ya mbwa mwitu, inayohusishwa na wazalendo wakali wa nchi yake. UEFA ilimfungia mechi mbili.

Luvumbu alifungiwa miezi sita.

Mkono wa jezi nao unasema

Wanaosema mpira hauna siasa wanapaswa pia kutazama mikono ya jezi. Arsenal ilianza kuvaa maneno "Visit Rwanda" mwaka 2018. Paris Saint-Germain ikaingia mkataba na Rwanda mwaka 2019, Bayern Munich mwaka 2023. Xhaka mwenyewe aliyavaa maneno hayo kwa miaka mitano akiwa Arsenal.

Februari 2025, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia timu hizo tatu akiziomba ziachane na mikataba hiyo kwa sababu ya vita. Agosti mwaka huo Bayern iliubadilisha mkataba wake ukawa wa kukuza vijana, na Novemba Arsenal ikatangaza kwamba wake utaishia mwisho wa msimu. Lakini Kinshasa nayo haikukaa nje ya soko. Mwaka huo huo wa 2025 ilitia saini mikataba ya kuitangaza Kongo na Monaco, AC Milan na Barcelona.

Basi nchi inaweza kusema kupitia jezi ikiwa imelipa. Mchezaji anayelipwa kuvaa jezi hiyo hana nafasi ya namna hiyo.

Funzo kwa wanaotaka kuvuka

Jambo hili linawagusa moja kwa moja vijana wa Bukavu. Kwa mchezaji anayeanzia Bukavu Dawa au Muungano, njia ya kuishi kwa mpira mara nyingi inapita nje: Kigali, Bujumbura, Kampala, Dar es Salaam. Mkataba wa kwanza huja na furaha kubwa, na wengi wanatazama mshahara tu.

Kesi ya Luvumbu inaonyesha mistari mingine ya kusomwa. Mkataba mara nyingi humfunga mchezaji kwa kanuni za ndani za klabu pamoja na za ligi. Kuvunja mkataba kwa makubaliano si sawa na kufukuzwa: ukitia saini, haki yako ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo ya mwisho, kwa hiyo mishahara iliyobaki hudaiwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na adhabu kubwa ya shirikisho moja inaweza kumfuata mchezaji hadi nchi nyingine, kwa kuwa FIFA ina uwezo wa kuipanua itumike duniani kote ikiombwa.

Hayo yote hayasemi kama Luvumbu alikosea au alifanya vema. Kwa wengine alivunja heshima ya nyumba iliyomlisha. Kwa wengine alisema kile ambacho watu wenye nafasi kubwa kuliko yake hawakukisema. Kilicho wazi ni kwamba alijua yuko wapi, na bado aliinua mikono.

Kwa hesabu ya kalenda, adhabu yake ilimalizika Agosti 2024. Miezi sita baadaye, Februari 2025, M23 iliingia Bukavu.