Picha Isiyotaja Mahali

Masika yakishika, maji ya mvua yakaanza kushuka kutoka upande wa Mabwepande yakiitafuta bahari, simu za wakazi wa Bunju hujaa picha. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili niliipokea, katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu, picha ya mtaro uliosakamwa na chupa za maji, nepi na matawi ya mwembe, maji meusi yamepanda hadi kizingiti cha kibanda cha muuza chipsi, na chini yake maneno mawili tu: "Jamani, aibu!" Kabla ya adhuhuri picha ile ile ilikuwa imekwisha kunirudia kutoka makundi mengine matatu, katika moja mtaro umekuwa wa Tegeta, katika jingine umekuwa wa Mbagala, na aliyeipiga hakujulikana tena. Watu walisikitika, wakalaumu serikali, wakalaumiana wao kwa wao, kisha ikaja habari ya mpira na picha ikazama. Mtaro ulibaki umeziba.

Muradi wangu si kuidharau simu. Nimeshughulika na mawasiliano ya umma miaka mingi, nami naona kwamba hakijapata kutokea chombo kilichompa mtu wa kawaida sauti ya kufika mbali kama hiki. Lakini picha, ili iweze kuondoa taka, sharti iwe shahada: itaje mahali, itaje siku, imtaje anayepaswa kutenda, na itaje jambo moja analoombwa. Ikiyakosa hayo hubaki kilio. Na kilio, kwa jinsi mitandao hii ilivyoundwa, ndicho kisafiricho upesi kuliko kitu chochote, kwa kuwa programu zinazoamua nani aone nini hupendelea kile kinachowafanya watu waguse kioo kwa hasira au kwa huruma, wala haziulizi kama mtaro umezibuliwa.

Kwa majirani zetu wa Kenya yuko James Wakibia wa Nakuru, mpiga picha, ambaye njia yake ya kila siku ilipita karibu na jaa la Gioto, ambako upepo ulikuwa ukiitupa mifuko ya plastiki hadi barabarani. Alianza kwa kuwaandikia wahariri wa magazeti. Kisha, mnamo 2015, akaipeleka hoja yake Twitter chini ya alama ya reli iliyobeba ombi moja, yaani mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Kenya. Hakuwaomba watu wayapende mazingira, ombi ambalo kila mtu hulikubali na hakuna anayewajibika kwalo. Aliomba tendo lenye mwenyewe, na waziri wa mazingira wa wakati ule, Profesa Judy Wakhungu, akaliunga mkono hadharani katika mtandao uo huo. Tangazo la serikali lilitoka mapema 2017, na marufuku ikaanza tarehe 28 Agosti mwaka huo. Haitakuwa insafu kudai kwamba picha peke yake ndizo zilizoileta, maana Kenya ilikwisha kujaribu kabla ya hapo na haikufaulu. Lakini safari hii wenye viwanda walipokwenda mahakamani kuipinga, hoja ilikuwa imekwisha kuenea midomoni mwa watu. Kwetu Tanzania Bara marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, na aliyekuwa akinunua nyanya sokoni siku zile anakumbuka jinsi mfuko wa rambo ulivyotoweka mikononi mwa wauzaji.

Sasa nije kwenye picha yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza ushahidi wao bila kujua. Picha ya simu hubeba ndani yake saa ilipopigwa na, mwenye simu akiruhusu, mahali ilipopigwa. WhatsApp, inapoituma kama picha ya kawaida, huipunguza uzito na kuzifuta habari hizo, ilhali ikitumwa kama faili huzihifadhi. Mwenye bando dogo asihangaike: aandike tarehe na jina la mtaa kwa mkono wake, na apige picha mbili, moja ya karibu inayoonyesha taka, na moja ya mbali inayoonyesha kitu kisichohama, kama vile nguzo ya umeme yenye namba, lango la shule, au kibao cha kituo cha daladala. Nyuso za watoto na za waokota chupa aziache nje. Taabu ya mtu si pambo la hoja yetu. Tena asisambaze la kusikia, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu asambazaye uongo kwa kujua, na fauka ya hayo, picha moja ya uongo huzivunjia heshima picha kumi za kweli.

Lakini yenye nguvu kupita zote ni picha inayorudiwa. Mto Mpiji, unaotutenganisha na Mkoa wa Pwani, umechimbwa mchanga kwa muda mrefu. Picha moja ya lori likipakia huzua ugomvi wa siku moja tu, tena ugomvi usio na uadilifu kamili, kwa sababu mchanga wa mito yetu umo ndani ya kuta za nyumba zetu wenyewe. Ilhali picha kumi na mbili za ukingo ule ule, zilizopigwa kila mwezi kutoka mahali pale pale, huonyesha ardhi ikirudi nyuma hatua kwa hatua, na hakuna afisa awezaye kuzikana.

Na kumtaja mwenye wajibu na kumdai atende kuliwezekana hata kabla ya simu za mkononi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishinda mahakamani Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam juu ya jaa lililokuwa likiwafukiza moshi; taka zilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, kando ya barabara yetu hii ya Bagamoyo, mkazi mmoja na wenzake 794 walifungua shauri namba 90 la 1991 katika Mahakama Kuu, nayo ikaikataza Halmashauri kutupa taka pale. Majina 795, yaliyokusanywa bila intaneti! Leo kundi moja la mtaa laweza kuyapata majina kama hayo kwa jioni moja, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekwisha kumpa kila akaaye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kuidai.

Basi, ndugu wa Bunju, usingoje masika. Nenda sasa, mtaro ukingali mkavu, uupige picha pamoja na nguzo iliyo karibu, uandike tarehe, umpelekee mtendaji wa mtaa ukimwomba uzibuliwe kabla ya Machi, na ombi hilo uliweke katika kundi ili majirani watie majina yao chini yake. Machi ikifika, rudi pale pale ukapige nyingine.