Kabla ya kuhamia fleti mpya Nakuru, uliza maji yanatoka wapi

UKIINGIA Nakuru siku hizi kwa matatu kutoka upande wa Nairobi, macho hayakosi la kutazama. Kuanzia Lanet hadi Pipeline na Free Area, na upande wa pili kule Kiamunyi na London, fleti zinachipuka kama uyoga. Kwenye kuta za majengo mapya kumetundikwa mabango: vyumba viwili, vigae sakafuni, mahali pa kuegesha gari, na maneno ambayo mkazi wa Nakuru huyasoma kabla hata ya kuuliza kodi, yaani “maji saa 24”.

Anayejua shida ya kuamka saa tisa za usiku kukinga maji ya mfereji hawezi kumlaumu mpangaji anayevutiwa na bango hilo. Lakini kuna swali ambalo wapangaji wachache huliuliza, nalo linahusu afya ya watoto wao: je, maji hayo yasiyokatika yanatoka wapi?

Mara nyingi jibu ni kwamba yanatoka chini ya jengo lenyewe. Mwenye nyumba amechimba kisima chake cha mashine, akaweka pampu na tangi juu ya paa. Ni maji maangavu, hayana harufu, na pengine hayana hata kijidudu kimoja cha kipindupindu au homa ya matumbo. Hata hivyo yanaweza kuwa na madini ya floridi kupita kiasi, na madini hayo hayaonekani kwa jicho wala hayasikiki kwa ulimi.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji huo ulikuwa na wakazi 570,674. Tangu hapo ujenzi haujapoa. Serikali imejenga nyumba za bei nafuu Bondeni, na mnamo Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara kuu ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, ambayo hupita katikati ya Nakuru. Barabara ikipanuka, mashamba ya kandokando hukatwa ploti, na ploti hugeuka fleti.

Maji hayakwenda kwa kasi hiyo. Kampuni ya maji hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vyake, kama vile vya Kabatini, Baharini na Olobanita, pamoja na maji ya mto yanayoletwa kutoka Turasha. Mradi uliotarajiwa kukata kiu ya jiji ni bwawa la Itare huko Kuresoi. Ujenzi wake ulianza mwaka 2017, lakini mwaka uliofuata ukasimama baada ya mkandarasi kutoka Italia kupatwa na matatizo ya kifedha. Serikali imeahidi zaidi ya mara moja kwamba utafufuliwa. Wenye nyumba hawakungoja ahadi. Waliita mashine za kuchimba visima.

Mwamba uliotoka motoni

Nakuru iko katika Bonde la Ufa, na mlima Menengai unaoitazama kutoka kaskazini ni volkeno. Ardhi yote ya hapo ni majivu na miamba iliyomwagwa na volkeno kwa maelfu ya miaka. Miamba ya aina hii ina floridi nyingi. Maji ya mvua yanapozama na kukaa ardhini muda mrefu, huiyeyusha polepole.

Kwa kawaida floridi ikikutana na madini ya kalsiamu ndani ya maji, hushikamana nayo na kutuama chini. Kwa bahati mbaya, maji mengi ya Bonde la Ufa yana kalsiamu kidogo na magadi mengi, kwa hiyo floridi hubaki ikielea. Ndiyo sababu maziwa yetu ya magadi yana floridi ya kutisha. Vipimo vilivyochapishwa miaka ya 1980 vilipata zaidi ya miligramu 1,000 katika kila lita ya maji ya ziwa Nakuru na ya Elementaita. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa, lakini mfano huo unaonyesha mwamba huu una nini.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kinachotumika katika viwango vya maji ya kunywa hapa Kenya. Visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka mpaka huo, vingine mara kadhaa. Jambo la kukumbuka ni kwamba visima viwili vilivyo katika mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana, kutegemea kina na tabaka la mwamba. Kwa hivyo usikubali kuambiwa “hata jirani anakunywa”. Kisima cha jirani si chako.

Haki isemwe: floridi kidogo ni rafiki wa meno, kwani huyakinga dhidi ya kuoza. Ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ubaya huja inapozidi.

Jino hutengenezwa kabla halijaonekana

Wazazi wengi hudhani kwamba meno ya kahawia ni uchafu, au mtoto hapigi mswaki sawasawa. Sivyo. Doa la floridi haliko juu ya jino kama rangi ya chai. Liko ndani ya jino lenyewe.

Jino la ukubwani halitengenezwi siku linapotokeza. Meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu akicheka, huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa na miezi michache tu. Karibu meno yote ya ukubwani, isipokuwa magego ya mwisho, huwa yamekwisha kupata gamba lake gumu la nje, liitwalo enameli, mtoto anapofikisha miaka minane. Katika muda huo, floridi ikizidi mwilini huvuruga kazi ya chembe zinazojenga gamba hilo. Gamba hutoka na vinyweleo vidogo vidogo. Kwanza jino huwa na mistari myeupe kama chaki, kisha baada ya kutokeza vinyweleo hivyo hunyonya rangi na jino kuwa la manjano au kahawia. Hali ikiwa mbaya zaidi, gamba hubanduka na jino kuwa na mashimo.

Sasa tazama mtego ulipo. Meno ya utotoni huathirika kidogo tu, au yasionyeshe lolote. Mama aliyehamia fleti mpya na mtoto wa mwaka mmoja ataona mtoto anakua vizuri, anacheka kwa meno meupe. Meno ya kwanza ya ukubwani yatatokeza akiwa na miaka sita au saba, na hapo ndipo mama atashtuka. Pengine wakati huo wamekwisha kuhama nyumba ile mara mbili. Nani atakumbuka kisima? Kilichoharibika kiliharibika miaka mitano nyuma, na hakirudi.

Mtu mzima aliyehamia Nakuru akiwa na meno yake kamili hatapata madoa haya. Ndiyo sababu baba kutoka Kakamega au Machakos huweza kukaa Nakuru miaka 20 na meno yake meupe, kisha akamgombeza mwanawe aliyezaliwa hapo kwamba ni mchafu. Amwache mtoto. Vijana wengi wa Nakuru, Njoro na Naivasha wamejifunza kuziba midomo kwa mkono wanapocheka, na aibu hiyo haiwastahili.

Mtu mzima naye asijione salama kabisa. Maji yenye floridi nyingi sana, yakinywewa miaka mingi, huathiri mifupa na viungo. Mgonjwa huanza kwa kukakamaa mgongo na maumivu ya viungo, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa uzee au baridi yabisi. Mifupa kupinda na mtu kulemaa hutokea hasa pale kiwango kinapofika miligramu 10 kwa lita au zaidi.

Kuchemsha hakusaidii

Hapa ndipo ushauri tuliozoea kuutoa katika kurasa kama hizi unapogeuka. Tumewaambia akina mama miaka nenda miaka rudi wachemshe maji. Waendelee, kwa sababu ya vijidudu. Lakini floridi haichemki ikaisha. Kinachopungua ni maji tu. Chukua lita mbili za maji yenye miligramu 3 kwa lita, uyachemshe hadi yabaki lita moja na nusu. Floridi yote imebaki sufuriani, na sasa kila lita ina miligramu 4. Klorini haiiondoi pia, wala chujio la kawaida la udongo.

Mengine ya jikoni huongeza mzigo. Majani ya chai yana floridi yake, hasa chai ikikolezwa na kuachwa jikoni kwa muda mrefu. Magadi tunayotia katika githeri na mboga ngumu ili ziive haraka yanaweza kuwa na floridi nyingi pia. Anayepika kwa maji ya kisima angeyaacha magadi kabisa, akaloweka maharagwe usiku kucha. Dawa ya meno ya mtoto nayo isizidi ukubwa wa punje ya mbaazi, kwa aliye chini ya miaka mitatu iwe chembe ya mchele, na afundishwe kutema.

Kuna jambo jema kwa mama anayenyonyesha. Maziwa ya mama huwa na floridi kidogo sana, hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji yaliyojaa madini hayo. Mtoto anayenyonya tu kwa miezi sita ya kwanza amekingwa. Hatari huingia na maziwa ya kopo na uji vinavyokorogwa kwa maji ya kisima, kwa maana mtoto ni mdogo na karibu chakula chake chote ni maji. Kama familia ina uwezo wa kununua maji salama kidogo tu, yawe ya mtoto.

Maji ya kunywa na ya kuoga

Si lazima maji yote ya nyumba yasafishwe. Floridi haipiti kwenye ngozi. Kuoga, kufua, kudeki na choo havina neno. Kinachohitaji maji salama ni kunywa na kupika, na kwa familia ya watu watano hayo ni takriban lita 25 kwa siku, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na kidogo juu yake.

Chanzo cha bei rahisi ni mvua, ambayo karibu haina floridi. Lakini jina Nakuru lenyewe linasemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na ujenzi huongeza vumbi la saruji na mawe juu ya mapaa. Acha mvua ya kwanza ioshe paa na mifereji yake, ndipo ukinge. Maji hayo yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa.

Njia ya pili ni chujio la mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa na kujazwa ndani ya ndoo, nayo hunasa floridi maji yanapopita. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wapo wanaouliza, kwa sababu za dini, mifupa ni ya mnyama gani. Ni haki yao, wamuulize muuzaji. Lililo muhimu kwa wote ni kwamba mifupa huchoka. Baada ya muda huacha kunasa, na chujio hubaki pambo jikoni, kwa hivyo ni lazima maji yapimwe tena na mifupa ibadilishwe.

Jengo kubwa linaweza kuweka mtambo unaosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia madini. Ni ghali, tena hula umeme, lakini gharama hiyo ikigawanywa kwa familia 30 au 40 haitishi. Njia nyingine ni kuchanganya maji ya kisima na ya mvua au ya mfereji hadi kiwango kishuke, mradi vipimo vithibitishe.

Kisima halali huchimbwa kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji yake hutakiwa kupimwa katika maabara. Kwa hivyo karatasi ya vipimo si kitu cha kubuni. Siku ya kwenda kutazama nyumba, mwombe mwenye nyumba au msimamizi akuonyeshe, utafute mstari wa floridi, uone kama namba inazidi 1.5. Akisema hana, chota chupa safi ya maji kutoka kwenye bomba la jikoni uyapeleke maabara ya maji, kabla hujalipa kodi ya mwezi wa kwanza na arubuni.

Maoni yetu ni kwamba jambo hili lisiachiwe mpangaji peke yake. Idara inayopitisha ramani za majengo huuliza kuhusu ngazi, maji taka na maegesho. Ingeweza pia kudai cheti cha floridi kabla ya jengo lenye kisima kuruhusiwa kuingiza watu, na matokeo yabandikwe mlangoni pale pale penye bango la “maji saa 24”.

Kwa yule ambaye meno ya mwanawe yamekwisha kugeuka rangi: usiyasugue kwa jivu, mkaa, ndimu wala waya wa kuoshea sufuria. Utamaliza gamba lililobaki na doa litakaa pale pale. Daktari wa meno anaweza kulikwangua kidogo doa la juu, kulififisha kwa dawa, au kufunika jino kwa utando mweupe. Kazi ya kufunika hungoja jino litokeze lote, na kwa watoto wengi daktari atapendelea kusubiri wakue zaidi. Wakati huo wa kungoja, mdogo wake aliye mgongoni asinyweshwe maji yale yale.