Jaji, Tuchange ama Tuache?

Daftari lilikuwa la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na nilipofika lilikuwa tayari na majina kumi na tisa. Kando ya kila jina palikuwa na 200, na kando ya majina manne neno moja: "kesho". Ilikuwa wiki ya kuelekea Krismasi ya 2024, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Voi. Pambano lililokuwa likichangiwa lilikuwa la marudiano kati ya Oleksandr Usyk na Tyson Fury, Jumamosi ya Desemba 21, huko Riyadh. Mwenye daftari, kijana wa boda, hakuningoja hata nivute kiti.

"Jaji, tuchange ama tuache?"

Wananiita Jaji kwa sababu huketi kando ya ulingo kwenye mashindano ya ngumi za ridhaa, nikitoa pointi kwa vijana ambao hakuna anayelipa senti kuwaona. Hainifanyi mtabiri. Lakini swali la kulipia au kutolipia pambano lina majibu ambayo hayahitaji utabiri, na kibandani pale nusu yake yalikuwa yameshatolewa. Dereva wa lori aliyelala Voi usiku huo alisema mia mbili ni unga na sukuma ya watoto, na Fury mwenyewe hajui Voi iko wapi. Mama mwenye kibanda akamjibu huku akigeuza mahamri kwenye karai: "Na wewe baba, Arsenal wanajua uko wapi?"

Tuanze na kinachouzwa. Ukilipia dishi kwa mwezi, unanunua kila kitu kwa pamoja: mpira, habari, katuni, na ngumi zikitokea. Kulipia pambano moja moja ni biashara nyingine kabisa. Hapo bei haipangwi kwa ubora wa ngumi. Inapangwa kwa kukisia ni watu wangapi hawawezi kulala bila kujua nani ameshinda. Mimi huwaambia vijana kwamba bidhaa yenyewe ni shaka. Kukiwa na shaka kubwa unalipa. Matokeo yakishajulikana, bidhaa ile haina thamani tena. Huoza haraka kuliko samaki wa Ziwa Jipe aliyekosa barafu njiani. Ndiyo maana hakuna anayelipa bei kamili kutazama marudio Jumatatu.

Na ukitaka kujua shaka hiyo imepikwa kwa ajili ya nani, tazama saa. Muhammad Ali alipompiga George Foreman Kinshasa, Oktoba 30, 1974, walipanda ulingoni kama saa kumi alfajiri kwa saa za huko. Hapa Voi ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Mabondia hawakuamshwa alfajiri kwa kukwepa joto. New York ilikuwa saa nne usiku wa Jumanne, na huko watu walikuwa wamekata tikiti kutazama kwenye kumbi za sinema zilizounganishwa moja kwa moja na uwanja. Serikali ya Mobutu ilidhamini dola milioni 5 kwa kila bondia, wananchi wa Zaire wakajaza viti, lakini saa ya ukutani ilikuwa ya Mmarekani.

Miaka 50 baadaye, Riyadh na Voi zina saa moja ileile. Ungedhani safari hii tungetazama baada ya chakula cha jioni kama watu wenye adabu. Wapi! Usyk na Fury walipangiwa kuingia karibu saa saba usiku, kwa sababu Uingereza, anakotoka Fury na wanunuzi wengi, ilikuwa saa nne. Las Vegas nayo hutuletea ngumi Jumapili asubuhi, wakati kengele za kanisa zinalia. Mei 2015, Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walicheleweshwa kupanda ulingoni kwa kuwa mitambo ya kampuni za runinga Marekani ilizidiwa na watu waliokuwa wakijiandikisha dakika za mwisho. Wenye mikanda ya dunia wakakaa vyumbani wakingoja wanunuzi wamalize kununua.

Pambano hilo ndilo darasa langu kila mara. Nyumba milioni 4.6 zilililipia huko Marekani, na bei ya picha safi ilikuwa dola 99.95, zaidi ya shilingi 9,000 kwa kiwango cha wakati huo. Mayweather alikuwa na miaka 38, Pacquiao 36, na mashabiki walikuwa wamelililia tangu 2009. Mayweather alishinda kwa pointi bila jasho jingi. Baadaye ikafichuka kwamba Pacquiao aliingia na bega lenye jeraha. Wanunuzi wakaenda kortini wakidai wamepunjwa. Walishindwa 2017, wakakata rufaa, wakashindwa tena 2019: mahakama ilisema walipata walicholipia, yaani pambano kamili kwa kanuni zake. Kisheria basi, unaponunua kadi ya mapambano hununui msisimko. Unanunua watu wawili na refa, basi.

Ndiyo maana nasema soma mpinzani kabla ya kusoma jina kubwa. Agosti 1995, Mike Tyson alipotoka gerezani, walimletea Peter McNeeley mwenye rekodi ya kushinda 36 na kupoteza 1. Ukiiandika ubaoni inatisha. Ukiuliza hao 36 ni akina nani, unacheka. Pambano lilidumu sekunde 89, likaisha kwa mtu wa kona ya McNeeley kuingia ulingoni kumwokoa. Zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zimelipa. Rekodi ya bondia ni kama mzigo wa magunia kwenye lori: usihesabu magunia, fungua moja uone kilichomo.

Upande wa pili wa kadi ndio unaonipa kazi zaidi, mapambano ya utangulizi. Kwa kawaida ni membamba, na sababu ni ya kimahesabu. Nyota wa pambano kuu hupata ujira pamoja na fungu la mauzo. Kwa Mayweather na Pacquiao mgawo ulikuwa 60 kwa 40. Wale wa utangulizi hulipwa kiasi kilichokubaliwa mapema, na kila shilingi wanayopewa inatoka kwenye mfuko uleule wa promota. Promota akijua kwamba pambano zuri la tatu halitamletea wanunuzi wapya, kwa nini aligharimie? Anampa kijana wake anayemkuza mpinzani aliyechoka, anamaliza.

Riyadh ilivuruga hesabu hiyo. Pale anayelipa ni Mamlaka ya Burudani ya Saudia chini ya Turki Alalshikh, na shabaha yao ni kuvuta macho ya dunia kuliko kurudisha kila dola kwa mauzo ya usiku mmoja. Kuna mengi ya kusema kuhusu kwa nini serikali inanunua ngumi, na wengi wameyasema. Kwa mchango wa kibandani, maana yake ni moja: utangulizi ulikuwa mnene.

Mara nyingine utangulizi ndio wenyewe. Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, kadi iliuzwa kwa jina la Amir Khan dhidi ya Samuel Vargas. Chini yake alikuwapo Hassan Mwakinyo wa Tanga, jirani yetu wa ng'ambo ya Mkomazi, aliyeletwa ili Sam Eggington apate ushindi mbele ya watu wa nyumbani kwake. Raundi ya pili refa akasimamisha, na aliyesimamishwa hakuwa Mwakinyo. Mtu aliyewasha runinga kwa ajili ya Khan tu alikosa usiku mkubwa wa ngumi za Afrika Mashariki mwaka ule.

Basi nikawapa wale wa kibandani hesabu niliyokuwa nayo. Mara ya kwanza, Mei 18, 2024, majaji watatu walitoa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, na 114-113 kwa Fury. Raundi ya tisa Fury alishikiliwa na kamba akahesabiwa, raundi ikawa 10-8. Ondoa hesabu ile, raundi iwe 10-9: kadi ya jaji mmoja inabaki ya Usyk, moja inabaki ya Fury, moja inakuwa 114-114. Pambano zima sare. Kijana wa boda aliinakili ile hesabu kwenye daftari chini ya majina, akairudia mara mbili. Dereva wa lori akapinga kwamba safari hii hata mikanda imepungua, kwa kuwa ule wa IBF Usyk alikuwa ameshauachia. Kweli kabisa, na hoja nzuri. Lakini mkanda ni karatasi za vyama. Shaka ilikuwa bado nzima. Nikasema changeni.

Nikawaongezea masharti, maana hapo ndipo pesa hupotea. Picha safi ya mtandaoni hula karibu GB 3 kwa saa, na kadi kama ile huenda saa tano au sita. Bando la kukadiria kwa pambano kuu pekee litakatika kabla Fury hajaimba wimbo wake wa kuingilia. Pili, akaunti ya nyumbani ni ya nyumbani. Watu thelathini ukumbini kwa kiingilio ni onyesho la hadhara, na hilo lina leseni na bei yake. Wenye kumbi wengi hujifanya hawajui. Walikubaliana kutazama sebuleni kwa mmoja wao, bila kiingilio, kila mtu na mchango wake wa bando na chai. Watu kumi na wawili. Wengine wakarudishiwa mia mbili zao, na nadhani wawili walifurahi kimoyomoyo.

Mimi mwenyewe nilifika karibu saa sita usiku. Saba kati yetu tulifika saa hiyo, tukiwa tumelala kidogo kwanza, werevu kweli kweli. Usyk alishinda 116-112 kwa majaji wote watatu. Walikuwa wameweka hata jaji wa akili unde, asiye rasmi, naye akampa Usyk. Sina la kusema juu ya mwenzangu huyo isipokuwa kwamba hakuna anayemtukania mama yake akitoka ukumbini. Fury alilalamika kadhulumiwa. Mimi sikuona dhuluma. Raundi mbili stima ilipepesa, ikarudi.

Lakini tulipotoka, karibu saa nane na nusu, barabarani kuna lori tatu tu na mbwa, hakuna aliyekuwa akizungumzia Usyk. Watano waliofika mapema walikuwa wametutangulia mbele, wakibishana kwa sauti ya juu. Johnny Fisher na Dave Allen, wazito wawili wa Uingereza ambao sidhani kama kuna aliyewataja kibandani wiki nzima, walikuwa wamepigana raundi kumi. Allen alimwangusha Fisher, na bado Fisher akapewa ushindi kwa majaji wawili kwa mmoja.

"Jaji," kijana wa boda akanigeukia, akakunja ngumi ya kulia chini ya taa ya duka, "hiyo ngumi ungeiona! Halafu wakampa yule mwingine. Wewe ungempa nani?"

Nikamwambia sikuiona.

"Hukuiona?" Akawatazama wenzake. "Jaji alikuwa amelala."